Vyura wa Mama Mkwe na Jicho la Pili

Jumatatu, 4 Machi

Hakimu hajala, amesema mama mkwe leo asubuhi. Jicho lake la kushoto lina bandeji na la kulia lina mtoto wa jicho, kwa hiyo hakumwona. Amesikia. Anasema chura akimeza koo hugonga, na tangu jana jioni koo la Hakimu halijagonga. Nilikwenda kutazama. Nyenje niliowatia jana walikuwa wanatembea ndani ya sanduku la kioo, mmoja kakaa juu ya kichwa cha Hakimu kama kofia.

Niandike hali ilivyo. Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Binti yake, yaani mke wangu, amembembeleza miaka miwili aje afanyiwe upasuaji wa macho. Alikubali kwa sharti moja: vyura wake watatu waje naye, na wale kama wanavyokula kwake. Si nyenje peke yake. Kwake ana bustani, na wadudu wanajileta wenyewe. Hapa kuna uani wa saruji na mimi.

Vyura ni Hakimu, dume kubwa lisilotikisika. Koplo, dume dogo linaloruka kabla ya kuambiwa. Na Shangazi, jike mwenye ukubwa wa bakuli, ambaye mama mkwe anampenda kuliko wote. Mke wangu anashinda duka la dawa. Mimi kazi yangu ya habari ina saa za ajabuajabu, kwa hiyo kazi ya wadudu imeniangukia mimi.

Jicho la kushoto limepasuliwa juma lililopita, lakini limevimba na daktari wa macho anasema litachelewa kufunguka. La kulia limepangwa mwishoni mwa Aprili. Mtoto wa jicho hilo ameiva kupita kiasi, kasema daktari. Akiachwa hadi mwakani, huenda jicho lisirudi.

Mama mkwe naye ana lake. Alilisema mezani, taratibu, huku akitafuta kikombe kwa vidole.

"Wakidhoofika, narudi nao nyumbani. Jicho la kulia libaki na mtoto wake."


Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hakimu hajala. Koplo kala mmoja.


Ijumaa, 8 Machi

Nyenje niliowanunua kwa muuza chambo wamekufa maji. Niliwawekea kizibo cha soda chenye maji ya kunywa. Inaonekana nyenje huona maji, huingia, na hana mpango wa kutoka. Mama mkwe kaniuliza niliwawekea nini. Nikamwambia. Akasema wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza walifanya hivyohivyo, ila wao walikuwa na miaka kumi na minne.

Nimeanza upya: kreti la plastiki, trei za mayai zilizosimamishwa, pamba iliyoloweshwa badala ya maji, vipande vya karoti, chakula cha kuku wa mayai. Kibakuli cha mchanga mbichi watagie. Vyote nimeviweka stoo, kando ya pasi na masanduku ya nguo za baridi. Mke wangu kasimama mlangoni, katazama, kafunga mlango. Miaka yote hii ya ndoa, kimya hicho nakijua bei yake.


Jumatatu, 11 Machi

Leo hakuna chura aliyekula.

Mama mkwe kaniuliza wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwambie, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Asubuhi alikuwa ameniambia jikoni kwamba jicho lililovimba halitaki presha wala machozi, na kwamba mama yake akikasirika hulia kwa hasira, si kwa huzuni.

"Wamekula kidogo, Mama," nikasema.

Akaitikia vizuri. Akaomba apitishiwe chumvi.


Jumatano, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Stoo inanuka kama soksi.


Jumamosi, 16 Machi

Kwa kuwa nyenje hawatoshi na sharti ni mchanganyiko, leo nimeongeza mifugo miwili.

Wa kwanza ni nzi wa matunda. Mitungi minne ya jemu, ndizi zilizooza, kitambaa mdomoni. Hawa hawahitaji kutafutwa, wanakuja wenyewe na jamaa zao. Wa pili ni funza wa nzi mweusi, wenye kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine, kasema mwalimu wetu. Nimewafuata kwa mfuga kuku nyuma ya gereji, mtu wanayemwita Jenerali kwa sababu huwaamrisha kuku wake kwa sauti na kuku wanatii. Aliniuliza nafuga kuku wangapi. Nikamwambia sifugi kuku, ni vyura wa mama mkwe. Akaacha kuchota.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Mimi wa kwangu alitaka nimpake nyumba rangi tu."


Jumatatu, 18 Machi

Nzi wa matunda ni wadogo mno. Vyura hawa wakubwa hawawaoni kabisa, au wanawaona na kuwadharau. Nzi mia kadhaa wametembea mbele ya Hakimu kama gwaride na hakupepesa. Sasa wamehamia jikoni. Mke wangu kaniuliza kama naweza kufuga kitu kinachokaa mahali nilipokifugia.

Nimemwambia mama mkwe kwamba wanaendelea vizuri.


Jumatano, 20 Machi

Nilipita kwa muuza chambo asubuhi, nikaenda kazini na mfuko wa nyenje ndani ya begi. Nilikuwa kwenye simu na msemaji wa baraza la mji kuhusu mifereji iliyoziba pale dume mmoja alipoanza kuimba. Msemaji akauliza kama niko kijijini. Nikasema hapana, niko ofisini. Akasema basi habari ya mifereji kuziba ni uvumi wa watu wa vijijini. Imenichukua dakika za kutosha kumrudisha kwenye mstari.

Mhariri kaja mezani kwangu, kasikiliza begi, kaondoka. Baadaye kanitumia ujumbe kuwa habari iwe ya maneno mia tano, na begi litoke nje.

Jioni vyura hawakula hata mmoja wa hao waimbaji. Wawili walitoroka. Mmoja anaimba nyuma ya friji. Mama mkwe kaniambia yuko upande wa kushoto wa waya, nikanyoosha mkono, nikamkamata hapohapo. Anasikia mwendo wa mdudu nyuma ya friji. Nawaza anasikia nini kingine.


Jumamosi, 23 Machi

Panzi. Mvua ilipumzika saa tatu asubuhi, nikaenda kwenye nyasi za kiwanja cha mpira na chandarua nilichokishonea duara la waya. Mlinzi wa kiwanja alinitazama nikikimbia huku na huku, akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamweleza. Akasema mzee mwenzake aliyepoteza akili alianza hivyohivyo, na chandarua.

Nimepata panzi kumi na moja, na tope hadi magotini. Nimeuliza mara mbili kama kiwanja kimepuliziwa dawa. Hakijapuliziwa, kasema mlinzi, kwa kuwa hakuna anayekijali kiasi hicho.

Nimewapaka poda ya kalsiamu: vidonge kutoka duka la mke wangu, nimevitwanga. Panzi mweupe pe anatisha kidogo.


Jumapili, 24 Machi

Wamekataa panzi. Wote watatu.


Alhamisi, 28 Machi

Sisimizi wamevamia kreti.

Mvua imewafukuza chini wakapanda juu, wakapita dirisha la stoo kwa mstari mmoja mwembamba, wakaingia kwa nyenje. Wale wachanga ambao walikuwa wameanguliwa juzi kutoka kwenye ule mchanga, wadogo kama nukta, niliokuwa nikiwatazama kila asubuhi kabla ya chai, wamebebwa wote. Nilifika wakati wa mwisho wa msafara. Sisimizi mmoja alikuwa na mguu wa nyenje kichwani kama mtu aliyebeba mlingoti.

Nimeweka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji yenye mafuta juu yake. Nimefuta mstari kwa siki. Nimepanga trei upya. Nilipomaliza nikagundua nimechelewa mkutano na waandishi wa habari wa idara ya maji, ambao nao, nimeambiwa, umeahirishwa kwa sababu ya maji.

Sielewi jambo moja. Wanakataa nyenje, wanakataa panzi, wanakataa funza. Mtu anayekataa chakula hukonda. Hawa hawajakonda. Shangazi hasa yuko vilevile, labda na zaidi.


Jumatatu, 1 Aprili

Daktari wa macho amesema leo kwamba uvimbe unapungua. Mama mkwe sasa anaona mwanga na maumbo, kama anayetazama kupitia shuka. Jicho la kulia litapasuliwa Jumanne tarehe 30 Aprili, saa mbili asubuhi. Asipofika, nafasi hiyo inakwenda kwa mtu mwingine na yeye anaingia kwenye orodha ya mwakani. Daktari alirudia kuhusu mwakani, akimtazama mke wangu, kisha mimi.

Njiani kurudi, mama mkwe kauliza swali moja tu: Shangazi anakaaje, amejikunja au amekaa wima. Mke wangu akasema wima.

Nilipofika nilikwenda kutazama. Amelalia ubavu.


Jumatano, 3 Aprili

Kumbikumbi. Mvua ilikatika saa kumi na moja, na jua lilipochungulia wakaanza kutoka ardhini pembeni mwa uani, kwenye ufa wa ukuta, kama moshi. Nilitoa beseni. Mke wangu alitoa sufuria kubwa, bila kuambiwa, akafunga kitambaa kichwani akaja kuokota na mimi. Jirani zetu walikuwa wanaokota kwao. Kwa muda huo nilisahau kukasirika.

Nikawatia sandukuni wakiwa hai, wanachezacheza, wanene, laini. Kila kiumbe chenye mdomo hula kumbikumbi. Koplo akala wanne. Hakimu akala mmoja akaacha wa pili nusu nje ya mdomo. Shangazi akageuka akatazama ukuta.

Waliobaki nimewagandisha kwenye friji. Kosa jingine: chura hali kisichotembea. Nimejaribu kumtikisia mmoja kwa kibano. Hakimu akang'ata kibano.

Leo nilimwambia mama mkwe kwamba wamekula kumbikumbi vizuri sana. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa chumba chao. Akasema, asante baba.


Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Jenerali kuchukua funza wengine. Nikamsimulia habari ya kumbikumbi. Akacheka hadi akashika mlingoti wa banda. Akasema kuku wake akikataa kumbikumbi, anajua amekwisha kuiba kwa jirani. Nikamwambia vyura hawa hawana jirani.


Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Panzi hakuna. Nyenje wapya wana ukungu.


Ijumaa, 12 Aprili

Shangazi anatetemeka miguu ya nyuma. Tumbo ni gumu. Nimempigia daktari wa mifugo, atakuja Jumatatu. Kacheka kwanza, kisha nilipomweleza tumbo akaacha kucheka.

Kwa mama mkwe: "Wako salama." Kwa mara ya kwanza amegeuza uso kabisa upande wangu, kama mtu anayetaka kuona maneno yanatoka wapi.


Jumatatu, 15 Aprili

Shangazi ana mifupa laini na utumbo ulioziba, kasema daktari wa mifugo saa nne asubuhi, akiwa amemshika kiganjani kama mkate. Mifupa si jambo la juzi, kasema. Chura wa umri huu huanza kulainika polepole. Kuziba ndiko kwa sasa.

Mama mkwe alikuwa kliniki ya macho na mke wangu. Kwa hiyo tuliweza kusema.

Daktari kauliza wanakula nini. Nikamwambia: nyenje, panzi, funza wa nzi mweusi, mara moja kumbikumbi, na kwamba karibu vyote wamevikataa. Akatikisa kichwa. Huyu hajakataa kula, kasema. Huyu amelishwa, tena kila siku, kitu chenye mafuta. Akachukua kinyesi kutoka kona ya sanduku, akakitandaza juu ya karatasi, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Maganda. Membamba, ya kahawia, yenye pingili kama bomba la maji. Kauliza ni ya mdudu gani.

Hakuna mdudu wa namna hiyo stoo kwangu.

Ameagiza Shangazi aogeshwe maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku na asipewe chochote chenye ganda gumu. Hawa wengine wale siku moja, wapumzike mbili. Akasisitiza hilo la ganda. Atarudi Ijumaa.

Mchana nilikwenda kazini. Hafla niliyotakiwa kuiandika ilisombwa na mvua, nikarudi nyumbani mapema. Niliingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya viatu vyenye tope, nikavivua, nikapita ukumbini kwa soksi.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo. Kando yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, wazi, lenye pumba. Alikuwa anapapasa ndani ya pumba, anatoa buu mmoja, anamshusha kwa vidole viwili. Koplo alikuwa anampokea mkononi. Kisha akasogea kwa Shangazi, akamgusa mdomo kwa upole, mdomo ukafunguka. Akasubiri koo ligonge. Likagonga. Akachukua mwingine.

Nilirudi nyuma kwa soksi zangu, nikatoka nje, nikavaa viatu, nikaingia tena kwa mlango wa mbele nikipiga kelele na funguo. Nilipofika ukumbini alikuwa kwenye kiti chake.

Nimemwambia mke wangu jikoni, jioni. Mabuu ya mbawakawa wa unga, akasema. Mama yake huwafuga tangu yeye akiwa mtoto. Mama mwenyewe huwaita peremende. Mwanafunzi aliyewapa vyura peremende zaidi ya mara moja kwa wiki alisimamishwa nje ya darasa.

Nikasema basi inabidi aambiwe, leo.

"Aambiwe nini?" mke wangu kasema. "Kwamba anamuua Shangazi kwa mkono wake? Na aambiwe na nani, na wewe mkwe wake? Ngoja niongee naye mimi, kwa wakati wake."

Nimengoja.


Jumanne, 16 Aprili

Mke wangu hajapata wakati wake. Nimemwogesha Shangazi asubuhi na jioni. Mchana sikuwapo.


Jumatano, 17 Aprili

Bado. Nililificha kopo nyuma ya kabati la chumba chake alipokuwa anaoga. Aliporudi alilipata kwa kusikia. Mabuu wanakwaruza bati.


Alhamisi, 18 Aprili

Shangazi amekufa. Nilimkuta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amelala chali kwenye kona. Nilikuwa nimesimama hapo bila kujua la kufanya na mikono yangu, na nyuma yangu mama mkwe akasema, kutoka mlangoni, kwamba leo wamepumua wawili.

Akaomba apewe. Nikamweka mikononi mwake. Akampapasa taya, likabonyea. Akampapasa miguu, kisha tumbo. Akamsogeza karibu na jicho la kushoto, karibu kabisa na pua, akamtazama kwa kile anachokiona.

Hakulia. Aliniambia kwamba mifupa ya chura huyu inasema alikula kitu kimoja, na kwamba nyenje wangu hawana kitu ndani yao zaidi ya makelele. Nikasema ndiyo, Mama.


Ijumaa, 19 Aprili

Utumbo ulikuwa umejaa maganda yaleyale, umekaza kama soseji, kasema daktari wa mifugo baada ya kumpasua kwenye meza ya uani. Koplo ana dalili za mwanzo. Hakimu ni mzima, labda kwa ukaidi.

Mama mkwe amefunga begi. Amempigia simu mpwa wake, aje Jumapili asubuhi na gari kumchukua yeye na vyura wawili. Mke wangu amemkumbusha tarehe 30. Akajibu kwamba sharti lilikuwa moja na lilieleweka. Amefunga na kopo. Nimelisikia ndani ya begi.

Jikoni mke wangu alilia kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze, akasema nisimwambie mama yake hata sasa. Nibebe lawama. Mkwe akilaumiwa, kasema, dunia haianguki, wakwe waliumbwa kwa kazi hiyo. Lakini mwanamke wa miaka sabini na mbili akiambiwa ameua anachokipenda kwa kuwa haoni, atapanda gari hilo na hatashuka tena kwa daktari yeyote.

Nikamwambia akipanda gari hilo na kopo, Koplo anafuata, halafu Hakimu, na jicho juu yake. Akasema anajua.

Hatukumaliza mazungumzo. Tuliyaacha mezani na vyombo.


Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia.

Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi. Mvua ilikuwa nyepesi. Mke wangu alikuwa amekwenda kufungua duka. Mama mkwe alikuwa kitini, begi miguuni. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, si pembeni kama ninavyokaa siku zote. Nikamwambia nina jambo la Shangazi, na nitalisema kama lilivyo.

Nikamweleza kwa mpangilio. Daktari wa mifugo alikuja Jumatatu saa nne. Alikuta maganda. Saa nane nilirudi nyumbani kwa soksi nikamwona na kopo. Daktari aliagiza asipewe chenye ganda. Alipewa. Jana daktari alimpasua na haya ndiyo aliyoyaona. Sikuongeza neno.

Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipomaliza akauliza.

"Ulinikuta lini?"

"Jumatatu, Mama."

"Shangazi kafa lini?"

"Alhamisi."

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano," akasema, akikunja kidole kwa kila moja, kama anayehesabia mtoto. "Siku hizo zote ulikuwa unafanya nini?"

Nikasema nilikuwa nangoja, kwa heshima yake.

"Mimi sikuomba heshima. Niliomba wadudu."

Akaendelea, bila kupaza sauti, na hapo ndipo nilipoelewa mambo ambayo nilipaswa kuyaelewa tangu Machi. Hakimu alipokataa kula wiki ya kwanza hakushangaa; chura akihamishwa hususa, kila mwalimu wa baiolojia anajua. Alikuwa tayari kungoja. Kisha akaniuliza mezani nikamwambia wamekula kidogo. Na yeye alikuwa amekaa jirani na sanduku asubuhi nzima akisikiliza, na hakuna koo lililogonga.

"Nikajua nyumba hii haitaniambia kitu," akasema. "Nikachukua kopo. Najua ni peremende, baba. Nilidhani ndicho kitu pekee wanachopata."

Kwa hiyo yeye aliwashibisha mchana, mimi nikawaletea panzi jioni wakakataa, nikamwambia wamekula, akasikia hawakula, akaongeza mabuu. Kadiri nilivyomstahi ndivyo alivyowalisha. Nimeandika habari za mifereji kuziba msimu mzima.

Nilimwomba radhi. Akainua kiganja.

"Nimekuja huku kutafuta macho," akasema. "Hilo la kushoto lina ukungu, hilo la kulia lina mtoto, na wewe uliye na mazima mawili ukayafumba. Binti yangu naye hivyohivyo. Sasa nimebaki na nani wa kuniambia?"

Kisha akainama, akafungua begi, akatoa kopo, akalishika kwa mikono miwili. Mabuu walikuwa wanakwaruza. Akanikabidhi, akasema niwapeleke kwa yule mwenye kuku.

Nikamuuliza kuhusu gari la kesho. Akasema hajaamua, na kwamba kwanza anataka kujua Koplo anakaaje. Nisimwambie salama. Nimwambie anakaaje.

Nikaenda nikatazama. Nikarudi nikamwambia: amekaa wima, lakini mguu wa nyuma wa kulia umetanuka nje na haurudishi akiguswa. Taya liko sawa. Ngozi imekauka kidogo mgongoni. Sandukuni kuna uchafu ambao nilipaswa kuutoa jana.

"Utoe," akasema.


Jumapili, 21 Aprili

Mpwa alifika saa tatu, akanywa chai, akaondoka peke yake na maagizo ya kumwagilia bustani, ingawa mvua inanyesha kwao pia. Mke wangu na mama yake hawajasemezana isipokuwa kuhusu matone ya jicho.


Jumatatu, 22 Aprili

Jenerali amepokea kopo. Kuku wamemaliza mabuu yote kabla hajatoa amri.


Jumatano, 24 Aprili

Hakuna aliyelishwa tangu Jumamosi. Leo, zamu ya kula, niliweka panzi wawili wenye kalsiamu na funza watatu. Hakimu alitazama panzi muda mrefu, kama anayesoma hukumu, akamla. Koplo aliruka akakosa, akaruka akakosa, mara ya tatu akapata. Funza wawili walikataliwa.

Nilimwambia mama mkwe yote, pamoja na kukosa kwa Koplo. Akataka kujua alikosa kwa upande gani. Kulia. Akasema ni ule mguu. Kisha akaniambia panzi wangu ni wadogo na natakiwa kwenda kiwanjani mapema zaidi, kabla hawajapata joto la kukimbia. Nikamwambia kuna mvua. Akasema panzi nao wanaijua.

Mke wangu kamwomba mama yake msamaha jioni, jikoni, mlango ukiwa wazi. Jibu sikulisikia. Baadaye niliwakuta wanatwanga vidonge vya kalsiamu, mmoja ameshika kinu, mwingine mchi.


Ijumaa, 26 Aprili

Sisimizi tena. Nusu ya nyenje. Nimemwambia kabla hajauliza.


Jumapili, 28 Aprili

Mama mkwe atapasuliwa, kathibitisha daktari wa macho kwa simu leo saa tano. Awe hospitali kesho jioni, asile wala kunywa kuanzia usiku, aingie chumba cha upasuaji Jumanne saa mbili asubuhi. Begi lake ni lilelile, limefungwa upya bila kopo.

Koplo bado hawezi mguu wa kulia. Daktari wa mifugo anasema unaweza kurudi na unaweza usirudi. Nimelifikisha hilo lote kwa mama mkwe kwa maneno hayohayo. Aliuliza mimi ninaonaje. Nikasema sijui. Akasema afadhali.

Maagizo yake: Jumatatu na Jumanne vyura wapumzike. Jumatano, 1 Mei, asubuhi niende kiwanjani. Panzi wawili kwa Hakimu, mmoja mdogo kwa Koplo, awekewe upande wa kushoto. Daktari anatoa bandeji saa nne. Niwe wodini saa tatu na nusu, nimweleze nani kala nini na nani kakataa, kabla hajafunguliwa jicho.